Mapazia ya Shemeji

Sikuomba msamaha wakati ule, na leo siombi. Nasema hivyo mapema ili kama kuna kijana aliyekuja hapa kutafuta habari za mama mzee aliyejirudi, akatafute kwingine.

Nimetunga riwaya maisha yangu yote ya utu uzima, karibu zote nyuma ya cherehani kwenye baraza ya duka langu mjini Migori. Niliacha kwa sababu ya macho tu. Daktari mmoja kule Homa Bay aliniambia nichague, kushona au kuandika, maana macho hayatoshi kwa kazi mbili. Nikamwambia sichagui. Macho yenyewe yakachagua, yakaziacha zote mbili. Siku hizi nasema tu, na binti yangu Apiyo ananasa sauti yangu kwa simu, halafu anachapa.

Ninyi vijana mnaoniletea miswada yenu mnauliza swali moja kwa njia nyingi. Je, watu wa nyumbani wakijiona humo? Je, wakikasirika? Watakasirika. Hilo halina dawa. Kaeni niwaambie yaliyonipata, kisha mwamue wenyewe kama kazi hii mnaitaka.

Kwanza, watu huniuliza nilisomea wapi kutunga. Nilisomea kwenye futi ya kupimia. Mwanamke ukimzungushia futi kiunoni, kwanza anavuta tumbo ndani, halafu anaanza kujieleza. Hujamwuliza kitu. "Hii ni gesi tu, Mama Apiyo." "Nimenenepa juu ya zile dawa." "Mzee wangu ndiye anataka nivae ya kubana." Mimi nilikuwa na pini mdomoni, nimezibana kwa midomo, kwa hiyo sikuweza kujibu hata kama ningetaka. Sasa kumbukeni hilo. Mtu akinyamaza mbele yenu, msimjazie kimya chake. Hata kama hamshoni, wekeni kitu mdomoni. Tafuneni njugu. Sijawahi kupata neno la maana kwa kuuliza, lakini nimepata mengi kwa kushindwa kuuliza.

Muswada wangu wa kwanza ulikuwa wa aibu. Nilidhani riwaya ni lazima iwe ya matajiri wa Nairobi, wenye nyumba za ghorofa na mabwawa ya kuogelea, watu ambao sikuwajua hata mmoja. Nikaupeleka kwa mhariri, mama mmoja wa pwani aitwaye Bi. Zuhura, mpole wa sauti lakini mkali wa kalamu. Aliusoma wote. Tulipoonana akaniuliza jambo moja tu.

"Mwanangu, watu hawa hula lini?"

Sikumwelewa.

"Nimesoma kutoka mwanzo hadi mwisho," akasema. "Wamependana, wamesalitiana, mmoja ameuawa. Hakuna aliyekula. Hakuna aliyeosha sahani. Nani anawapikia?"

Nilirudi Migori nikautia muswada ule jikoni, ukawashia moto wa maharagwe. Tangu siku hiyo kila nikiingia nyumba ya mtu, ya kweli au ya kutunga, macho yangu huenda kwanza jikoni. Nawaambia, ukijua nani anapika, nani anakula kwanza na nani anakula amesimama, nyumba hiyo umeshaijua nusu.

Baadaye mimi na Bi. Zuhura tuligombana, na hapo nilishinda mimi. Nilikuwa nimemwandika mwanamke wa kuuza samaki kule Mbita, anamwambia mteja, "Hii samaki ni ya leo, shika uone." Bi. Zuhura akamsahihisha: "Samaki huyu ni wa leo, mshike uone." Nikampigia simu.

"Bi. Zuhura, huyu mama yuko sokoni. Hafanyi mtihani."

"Lakini wasomaji watasema hujui Kiswahili."

"Wasome pale ninaposema mimi mwenyewe, wataona kama najua. Pale anaposema yeye, ni mdomo wake."

Nilisikia anakunywa kitu. Kisha akasema, "Haya. Wewe uwe sanifu, wao wawe wao." Hiyo ndiyo imekuwa sheria yangu mpaka leo. Msikubali mtu awaambie kwamba sisi wa huku ziwani hatuna haki na lugha hii kwa sababu hatukuzaliwa nayo. Nimezaliwa na Dholuo, Kiswahili nimekikuta sokoni kama nilivyokuta sukari. Sukari nayo naitia kwenye chai yangu bila kumwomba mtu ruhusa.

Sasa tuje kwenye riwaya yangu ya tatu.

Ilianzia kwenye mapazia. Mama mmoja mgeni alikuja dukani akataka nimshonee mapazia mazito. Akasema, "Nataka nzito kabisa, hata sauti isitoke nje." Mimi nikiwa na pini mdomoni nikaitikia kwa kichwa tu. Nilikuja kujua baadaye kwamba amepanga nyumba kando ya baa, na alichotaka ni sauti isiingie ndani, mtoto alale. Alikuwa amechanganya maneno tu. Lakini mimi lile neno "isitoke" lilikuwa limeshaniingia, na halikutoka. Nikajiuliza, ni mtu wa namna gani anayetaka sauti isitoke nyumbani kwake?

Nikamtunga. Nikampa jina la Elisha, mfupi, mnene wa shingo, mwuza mbao wa Rongo. Mpole sana barabarani. Hamwinulii mtu sauti. Anaporudi nyumbani na kuona jambo halijampendeza, anazunguka dirisha hadi dirisha akifunga mapazia, taratibu, bila haraka. Mkewe akisikia pete za mapazia zikiteleza kwenye chuma, anajua kinachokuja. Basi. Kitabu kizima kinatokana na sauti ya zile pete.

Kilipotoka nikajifunza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameniambia. Humo ndani nilikuwa nimeweka mwizi, mmbeya, na mhubiri anayependa makofi. Hakuna aliyelalamika. Mteja wangu mmoja alikuja akicheka, "Yule mmbeya ni Mama Caro, si ndio?" Kesho yake Mama Caro naye akaja kucheka, "Yule mmbeya umemtoa wapi? Ni huyu jirani yangu kabisa!" Kila mtu alimwona jirani. Wauza mbao wa Rongo nao hawakusema kitu. Mmoja alinitumia salamu kwamba Elisha ananunua mbao mbovu.

Ila mapazia yalikuwa kitu kingine. Wanaume watatu pale mjini waliacha kunisalimia. Mmoja alikuwa akipita barazani kwangu kila asubuhi na kuniita dada; akaanza kupita ng'ambo ya barabara. Sikuwa nimejua lolote juu yao. Wao wenyewe ndio walioniambia.

Wa nne alikuwa shemeji yangu.

Mume wangu, Mwalimu Oduor, ni wa Karungu, na kaka yake mkubwa ni Mzee Zablon, mzee wa kanisa, mrefu, mwenye zizi lililojaa na neno linalosikika katika ukoo. Mkewe tulimwita Nyar Asumbi, kwa maana kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa mahali alikotoka, kama mimi wanavyoniita Nyar Mbita. Sisi wawili tulikuwa wake wa ndugu, tuliosalimiana vizuri kwenye matanga na sikukuu, basi. Yeye mwanamke mkimya, mikono haitulii. Nilidhani ndivyo alivyoumbwa.

Ukaja ujumbe kwamba ukoo unanitaka Karungu Jumapili baada ya ibada. Tukaenda, mimi na Mwalimu, kwa gari letu la Probox. Sebule ya Mzee Zablon ilikuwa imejaa. Walikuwepo wazee wawili wa ukoo, shangazi yao tunayemwita Waya, na Mchungaji Marwa. Mchungaji ni Mkuria wa Kehancha, Dholuo hakijui, kwa hiyo siku hiyo mazungumzo yote yalikwenda kwa Kiswahili. Nashukuru, maana nayakumbuka neno kwa neno na sihitaji kuwatafsiria.

Shemeji alikuwa na kitabu mapajani. Akaanza yeye.

"Nyar Mbita, sisi ni watu ya heshima. Hii kitabu yako imenivua nguo mbele ya kanisa. Tunataka Jumapili ingine usimame mbele, useme ni uongo, na useme pole."

"Uongo ni kweli," nikasema. "Riwaya yote ni uongo, hiyo nitasema hata sasa hivi. Lakini pole ya nini?"

"Ya kuandika mimi."

"Uko wapi humo, Shemeji? Yule ni mfupi, wewe ni mrefu. Yule anauza mbao Rongo, wewe hujawahi kuuza hata kijiti. Yule hana ng'ombe. Hata kanisani haendi."

Mzee mmoja wa ukoo akakohoa. Waya akasema, "Mwanamke asijibu namna hiyo." Mwalimu akamwambia nimeulizwa, lazima nijibu.

"Watu si wajinga," Shemeji akasema. "Umebadilisha hapa na pale ndio usishikwe."

"Basi nionyeshe pale nimesahau kubadilisha."

"Pale kwa mapazia!"

"Mapazia gani?"

"Pale, pale!" Akapiga kitabu kwa kidole. Alikuwa amekasirika kweli, na mtu akikasirika kweli hasikii anachosema. "Pale anafunga mapazia kwanza, halafu anaongeza redio sauti, ndio anaanza ku..."

Akakifunga kitabu.

Mimi nilikuwa nimekiandika kile kitabu kwa mkono, nikakichapa, nikakisoma mara nisizozijua. Nikamwambia polepole, "Shemeji, kwa kitabu hakuna redio."

Hakuna aliyetazamana na mwenzake. Redio ilikuwa pale nyuma yake, kubwa, juu ya kabati, imefunikwa kitambaa kilichodariziwa. Kila mtu mle ndani aliitazama, hata Mchungaji, kisha kila mtu akatafuta kitu kingine cha kutazama.

Nilijisikia vibaya, nawaambieni ukweli. Watu hudhani ukimshinda mtu hivyo unafurahi. Nilikuwa nimekula kwenye nyumba ile Krismasi ngapi, na macho yangu, haya ninayojisifu kwamba huenda jikoni kwanza, hayakuwa yameona.

Mwalimu ndiye aliyesema. "Mimi ndiye nilisoma hii kitabu kabla ya mtu yeyote," akasema. "Sikuona ndugu yangu ndani. Mpaka saa hii."

Nyar Asumbi alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Akaliweka mezani, akapanga vikombe, akahakikisha cha Mchungaji kina kisahani. Halafu akanyoosha mgongo.

"Mnashangaa nini?" akauliza. Sauti yake haikuwa kubwa. "Waya, boma yako ni hapo tu, ng'ambo ya ua. Hiyo redio umesikia miaka yote. Ninyi wazee mmesikia. Asubuhi mnaniona kwa kisima mnaniambia pole na kazi. Hakuna siku mkutano iliitwa. Leo imeandikwa kwa kitabu, na si hata mimi, ni mtu wa Rongo, ndio mkutano imeitwa."

Waya akaangalia chini. Mchungaji akasema, "Mama, hii ni mambo ya ndani ya nyumba. Tufunge macho tuombe."

"Omba, Mchungaji. Mimi naenda kuchukua nguo."

"Ukitoka hapa usirudi," Shemeji akasema.

"Umesikia nimeomba kurudi?"

Akatoka na mfuko mmoja na viatu vya kanisani mkononi. Hakuaga wala hakuniuliza. Alifungua mlango wa nyuma wa gari letu akaketi, akafunga mlango. Ilikuwa mchana wa jua kali. Tulipopita kando ya ziwa, wanawake waliokuwa wakigeuza omena, dagaa wetu wa ziwani, kwenye nyavu waliinuka mmoja mmoja kutazama, na yeye alishusha kioo akawasalimia kwa majina.

Gharama ilikuja, tena si ndogo. Kikundi cha akina mama kanisani kilinitoa bila kuniambia. Nilijua nilipowakuta wamevaa sare mpya ambayo sikushona mimi. Shule moja iliyokuwa ikisoma kitabu changu ikakirudisha. Kilichouma zaidi ni siku walipokuja wakwe kumposa Apiyo. Baba zake wakubwa ndio waliopaswa kukaa upande wetu na kusema. Hakuna hata mmoja aliyetoka Karungu. Viti vilikuwa vimepangwa vitupu, na wageni wameshafika getini. Mwalimu akatoka nje, akawaita majirani, fundi wa pikipiki na Mnubi mwenye duka la nyama, akawaambia leo ninyi ni ndugu zangu. Wakanawa mikono, wakavaa makoti ya kuazima, wakakaa. Walijadili mahari vikali kuliko ambavyo ukoo ungefanya.

Bi. Zuhura akanipigia. "Tunataka kuchapa tena," akasema. "Ukipenda, tunaweza kuyatoa mapazia. Tuweke kitu kingine, mlango labda. Upate amani na watu wako."

"Ukiyatoa mapazia, toa na jina langu kwenye jalada."

"Nilijua utasema hivyo. Nilitaka tu nisikie."

Kitabu kikatoka na mapazia yake. Nawaambia hili ninyi mnaosema mtaandika ukweli mkishazeeka, wazazi wakishakufa, mkishahama. Aliye nyuma ya pazia hawasubiri ninyi mkomae. Na mtu akija na kitabu chenu mapajani, msijitetee. Mwulizeni yuko ukurasa gani. Kisha tieni pini mdomoni, mngoje.

Nyar Asumbi alikaa kwetu, akapata chumba chake nyuma ya duka, akafuga kuku. Alikuwa hajasoma kitabu. Siku moja akakitaka. Alikisoma barazani kwa muda mrefu, kidole chini ya mstari, huku wateja wakimpita. Alipomaliza akakiweka juu ya cherehani yangu.

"Huyu mwanamke wako anatoroka usiku," akasema.

"Ndiyo. Anaogopa kuonekana."

"Kwa nini usiku? Amefanya nini mbaya?"

Nilifikiri nitasema habari za hatari, za taharuki, za msomaji anayeshika pumzi. Mbele yake maneno hayo yalikuwa ya kijinga. Kama kuna kosa katika kitabu changu, kosa lenyewe ni hilo, na hakuna mhakiki aliyeliona. Riwaya yangu ya nne inaanza na mwanamke anayeondoka saa sita mchana, na watu wote wako nje.

Yeye mwenyewe alinikataza kumwandika. "Mimi usiniweke mpaka niseme," akaniambia, nami nikatii, maana kuna tofauti kati ya kutunga mtu na kuiba mtu. Mwaka huu ndipo alisema sasa weka, lakini jina lake la ubatizo nimwachie. Ndiyo maana mnamsikia leo.

Namalizia na siku waliyokuja kumchukua.

Walikuja asubuhi, Mzee Zablon na wale wazee wawili, wamevaa suti. Nyar Asumbi akawakaribisha ndani, akawapa chai na mayai ya kuku wake. Mimi nilitaka kutoka, akaniambia nikae. Wazee wakasema maneno yao mazuri. Kisha Shemeji akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua kweli:

"Nimebadilika, Nyar Asumbi. Hata ile redio nilipeana."

"Ulipea nani?"

"Kanisa."

"Basi kanisa imepata redio nzuri."

Mzee mmoja akaingilia. "Mama, boma bila mwanamke si boma. Nani atapikia huyu mtu? Na siku akienda, nani atamzika?"

Nyar Asumbi alifikiri. Hakuwa anafanya mzaha. Namjua, alikuwa anapima neno lake kama mtu anayepima unga.

"Kupika anaweza jifunza," akasema. "Kuzika, nitakuja. Mimi ni mke wake, hiyo sikatai. Mkiniita siku hiyo nitakuja mchana, nitavaa nyeusi, nitakaa mbele, nitalia vile inatakiwa. Lakini kabla ya hiyo siku, hapana."

Wazee wakamtazama Shemeji. Shemeji akatazama yai lake. Wakanywa chai, wakashukuru, wakaenda.

Miaka imepita. Mzee Zablon yuko hai, tena mzima. Watu wakitoka Karungu hunieleza kwamba ameacha chumvi, ameacha nyama ya mafuta, na kila asubuhi anatembea kwa miguu mpaka Sori na kurudi, na fimbo, haraka haraka. Nyar Asumbi akiambiwa hivyo huendelea kuwatupia kuku mahindi.

Yeye hana haraka.